Umri wa Dereva na Ajali za Barabarani: Je, Miaka 18 Ni Michache Mno?

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 hairuhusu mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18 kupewa leseni ya kuendesha gari. Kila inapotokea ajali kubwa huwapo watu wanaosema kwamba umri huo ni mdogo, na kwamba kama ungalipandishwa hadi miaka 21, au hata 25, maisha ya wengi yangaliokolewa. Hoja hiyo ina mvuto, hasa kwa mzazi ambaye mwanawe amenunuliwa pikipiki juzi. Lakini katika sayansi hoja haipimwi kwa mvuto wake. Hapana budi kuuliza: ni ajali zipi zinazotokana na umri wa dereva, ni zipi zinazotokana na uchanga wake katika kazi ya udereva, na ni zipi ambazo zingetokea hata kama usukani ungeshikwa na mzee wa miaka 60?

Jiji la Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru panafaa sana kwa uchunguzi wa swali hili, kwa kuwa pana barabara za kila namna. Pana barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru, pana barabara kuu ya Namanga inayopita ubavuni mwa mlima upande wa magharibi, na pana njia za udongo zinazoteremka kutoka kwenye migomba na mibuni ya Wameru na Waarusha, ambazo mvua za masika huzifanya ziteleze kama sabuni. Katika njia hizo zote vijana ni wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Basi jambo hili linawahusu wanafunzi wa sekondari kuliko wanavyodhani.

Jaribio la rula

Wengi huamini kwamba kijana hupata ajali kwa sababu mwili wake bado haujakomaa. Imani hiyo yaweza kupimwa darasani kwa dakika chache. Mwanafunzi mmoja ashike rula ya sentimita 30 ikiwa wima, na mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada karibu na alama ya sifuri pasipo kuigusa. Rula iachiwe ghafla bila onyo, naye aidake. Ikidakwa kwenye alama ya sentimita 20, muda uliopita hupatikana kwa kanuni ya mwendo wa kitu kinachoanguka:

t = √(2 × 0.20 ÷ 9.8) = sekunde 0.2 hivi.

Mwalimu akishindana na wanafunzi wake wa Kidato cha Nne, mara nyingi wanafunzi ndio watakaomshinda. Kwa wepesi wa macho na mikono, kijana wa miaka 18 hana upungufu wowote. Upungufu wake uko kwingine.

Kwanza ni katika uamuzi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima matokeo ya tendo kabla halijatendwa, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2005, Gardner na Steinberg waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kioo cha kompyuta. Vijana walipocheza wakiwa na rafiki zao walithubutu hatari nyingi zaidi kuliko walipokuwa peke yao; kwa watu wazima tofauti hiyo haikuonekana. Barabarani mambo ni hayo hayo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2000, ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa dereva wa miaka 16 au 17 huongezeka kadiri idadi ya abiria aliowabeba inavyoongezeka. Wale wanaopenda kubebana “mshikaki” kwenye pikipiki moja wana sababu ya kuufikiria utafiti huo.

Pili ni katika kuitambua hatari mapema. Chukua mfano wa daladala iliyosimama kituoni Sanawari. Dereva mzoefu anapoikaribia hana haja ya kumwona mtoto ndipo apunguze mwendo. Daladala yenyewe, na mlango wake uliofunguliwa, vinatosha kumfanya aondoe mguu kwenye mafuta, kwa kuwa amekwisha kuona mara nyingi mtoto akichomoza mbele ya gari lililosimama. Dereva mgeni humngoja mtoto aonekane. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi, gari hupita mita 14 hivi kwa kila sekunde. Mgeni akichelewa nusu sekunde tu amepoteza mita 7. Na mita 7 ni zaidi ya upana wa njia moja ya barabara ile.

Ujuzi huo wa pili hauji kwa kungoja siku ya kuzaliwa. Huja kwa kuendesha.

Yaliyoonekana katika nchi nyingine

Nchini Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, utafiti wa madereva wapya uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kiwango cha ajali hushuka kwa kasi kubwa zaidi katika miezi sita ya mwanzo ya kuendesha. Ni kweli kwamba wanaoanza wakiwa wadogo huanzia kwenye kiwango cha juu zaidi kuliko wanaoanza wakiwa wakubwa, kwa hiyo umri una sehemu yake. Lakini miezi sita haitoshi kumkomaza mtu ubongo. Kilichobadilika ndani ya muda mfupi namna hiyo ni uzoefu.

Jambo la kuzingatiwa zaidi linatoka Marekani, ambako majimbo mengi yaliweka masharti magumu kwa madereva wa miaka 16 na 17. Mwaka 2011 Masten na wenzake walichapisha uchambuzi wa ajali za vifo kuanzia mwaka 1986 hadi 2007. Mahali penye masharti makali zaidi, ajali za vifo zilizowahusu madereva wa miaka 16 zilikuwa pungufu kwa asilimia 26. Habari njema, mtu angesema. Lakini ajali za namna hiyo zilizowahusu madereva wa miaka 18 zilikuwa zaidi kwa asilimia 12. Maelezo mojawapo ni kwamba baadhi ya vijana walingoja hadi watimize miaka 18 ili kuyakwepa masharti, wakaingia barabarani wakiwa wakubwa zaidi lakini wageni vilevile. Hatari ilikuwa imehamishwa kutoka darasa moja kwenda jingine, kama mwanafunzi mtukutu.

Uswidi ilifuata njia tofauti. Umri wa kupata leseni ulibaki miaka 18, lakini mwaka 1993 umri wa kuanza kujifunza ukiwa na msimamizi uliteremshwa kutoka miaka 17 na nusu hadi 16. Waliotumia nafasi hiyo walifanya mazoezi kwa wastani wa saa 118 hivi, ilhali hapo nyuma wanafunzi walifanya chini ya saa 50. Baada ya kupata leseni, kiwango chao cha ajali kilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi. Mwalimu wa hisabati awaonye wanafunzi hapa: waliochagua kuanza mapema hawakuteuliwa kwa kura, na pengine wengi wao walitoka katika familia zenye nafasi, ambazo watoto wake wangepata ajali chache kwa vyovyote vile. Watafiti wenyewe walikiri kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na sababu za namna hiyo. Hata sehemu hiyo ikiondolewa, faida ya mazoezi ilibaki.

Lori kwenye mteremko

Tarehe 24 Februari 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori lilizigonga gari nyingine tatu na watu 25 wakafa. Polisi walieleza kwamba lori hilo lilishindwa breki. Ajali kama hiyo ndiyo huamsha mjadala wa umri, na ndiyo inayofaa kutazamwa kwa makini.

Tuchukue mfano wa darasani, usiohusu lori lile lenyewe. Lori lenye uzito wa tani 30 likishuka mteremko ambao mwisho wake uko mita 100 chini ya mwanzo wake, na likabaki kwenye mwendo ule ule, nishati inayopaswa kuondolewa ni:

kilo 30,000 × 9.8 × mita 100 = jouli milioni 29.4.

Nishati hiyo haipotei. Dereva akitegemea breki peke yake, karibu yote hugeuka kuwa joto ndani ya ngoma za breki na bitana zake. Ni joto linalotosha kuchemsha lita 87 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi. Bitana zikipata joto kupita kiasi, msuguano wake hupungua. Dereva hukanyaga, na gari halisikii. Kinga yake ni gia ndogo iliyowekwa kabla ya kuanza kushuka, ili injini ibebe sehemu ya kazi, na breki zilizokaguliwa na fundi kabla ya safari. Umri wa dereva hauonekani popote katika hesabu hiyo. Aliyefundishwa kushuka mlima atashuka salama akiwa na miaka 25, na asiyefundishwa atapata taabu akiwa na 50. Pia mzigo wa kupita kiasi hupandisha tarakimu ya kwanza, na mwenye kuamua mzigo aghalabu si dereva bali tajiri wake.

Bodaboda

Penye vijana wengi zaidi ni kwenye pikipiki. Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2010, pikipiki za kubeba abiria zina nafasi yake katika sheria. Kwenye vijiji vya juu ya Tengeru na Usa River ndizo zinazoteremsha ndizi na maziwa siku za soko, Jumatano na Jumamosi, na ndizo zinazompeleka mama mjamzito hospitali usiku ambapo hakuna gari jingine litakalopanda huko. Kijana huazima pikipiki ya mwenziwe, hujifunza kwa siku chache kwenye uwanja wa mpira, kisha huanza kubeba abiria. Wengi huanza kazi kabla ya kuwa na leseni yoyote.

Hapo ndipo pendekezo la kupandisha umri linapogonga ukuta. Sheria inayoongeza umri wa leseni haimgusi mtu ambaye hakuwa na leseni tangu mwanzo. Atakayeguswa ni yule mwenye miaka 19 aliyejifunza, akatahiniwa na kulipa ada. Huyo ataambiwa arudi nyumbani kwa miaka miwili, na kwa kuwa familia yake inakula kutokana na pikipiki ile, huenda akaendelea kuiendesha kwa kuvizia, akipita vichochoro vya Ngarenaro ili asikutane na askari wa usalama barabarani. Dereva anayejificha hatakwenda kujiandikisha kwa mafunzo zaidi. Na akimgonga mtu, kishawishi cha kukimbia kitakuwa kikubwa kuliko cha kumfikisha majeruhi hospitali.

Kinyume chake, yako mambo ambayo faida yake imekwisha kupimwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufa kwa asilimia 42 hivi, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia humlinda wa miaka 17 na wa miaka 70 kwa kiasi kile kile, mradi mkanda wake umefungwa kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani ni pambo.

Jambo jingine ni leseni ya hatua kwa hatua, ambayo New Zealand iliianzisha mwaka 1987. Dereva mpya, awe na umri wowote, hupewa kwanza ruhusa ya kujifunza, kisha leseni yenye mipaka, na mwishowe leseni kamili. Katika hatua ya kati huzuiwa yale yaliyoonekana kuwa hatari zaidi kwa mgeni, yaani kuendesha usiku wa manane na kubeba abiria bila msimamizi. Kwenye miteremko ya Meru mpango wa namna hiyo ungeweza kusimamiwa na vijiwe vya bodaboda vyenyewe, ambavyo vina viongozi wake na vinamjua kila aliyeingia wiki iliyopita: mgeni abebe mizigo mchana kwa miezi sita ya mwanzo, na abiria wa usiku waachiwe wazoefu. Gharama ipo. Mgeni atapata fedha kidogo kwa miezi hiyo, na kijiwe kisicho na uongozi madhubuti kitaipuuza kanuni. Lakini kijana hatafukuzwa kazini, na miezi ile ya mwanzo yenye ajali nyingi ataipita pasipo mtu nyuma yake.

Zoezi kwa shule

Wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu na wakiwa wamesimama mbali na ukingo wa barabara, wahesabu pikipiki zinazopita karibu na shule kwa saa 2. Kwa kila pikipiki waandike mambo matatu: kama dereva amevaa kofia iliyofungwa, kama abiria amevaa, na idadi ya waliobebwa. Wasiandike namba za pikipiki wala majina. Umri wa dereva usiingizwe katika jedwali, kwa kuwa haukadiriki kwa macho kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha watafute asilimia za kila safu. Shule zilizo karibu na Tengeru zirudie hesabu hiyo siku ya soko na siku isiyo ya soko, saa zile zile, na kulinganisha matokeo.