Nyumba ndogo ya mchimba dhahabu: kwa nini ni turathi?

Turathi si ngome na majumba makubwa pekee. Katika jimbo la Victoria, Australia, baadhi ya nyumba ndogo za wachimba dhahabu wa karne ya 19 zinalindwa kupitia mipango ya ardhi ya serikali za mitaa.

Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka wa 1851, wachimbaji waliishi kwenye mahema. Baada ya uasi wa Eureka wa 1854, leseni waliyoipinga ilifutwa. Mwaka uliofuata kikaja kibali cha pauni 1 kwa mwaka, kilichowaruhusu kuchimba na pia kujenga makao kwenye ardhi ya serikali. Hema likageuka nyumba ya mbao, mawe au udongo. Familia ilipokua, chumba kikaongezwa nyuma. Kuta hizo zinaonyesha jinsi mtu wa kawaida alivyopata makao.

Kakamega, mbio za dhahabu zilianza 1931, lakini kwa wenyeji mambo yalikuwa kinyume. Mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ili ichukue ardhi yao ya uchimbaji bila kuwapa nyingine. Jengo lolote lililosalia kutoka enzi hiyo ni ushahidi wa waliochimba na wa waliopoteza mashamba.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa kuwa chini ya ulinzi. Kabla ya kubomoa nyumba kuukuu, wakazi wanahimizwa kuipiga picha, kuandika simulizi za wazee, na kuwasiliana na idara ya utamaduni ya kaunti. Nyumba ikishabomolewa, hakuna sheria itakayoirudisha.