Umri wa Tairi: Mwongozo kwa Wenye Magari-Nyumba Madogo ya Zamani

Kijitabu hiki kimeandaliwa kutokana na malalamiko ya wenye magari-nyumba waliouziwa matairi yaliyoitwa mapya, yakapasuka njiani yakiwa bado na kashata nene, na waliporudi dukani wakajibiwa kwamba kosa ni la barabara au la dereva. Gari-nyumba, kwa maana inayotumika humu, ni gari dogo, aghalabu Toyota HiAce au Nissan Caravan ya miaka mingi, lililoondolewa viti na kuwekewa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na makabati, ili wasafiri walale humo humo wanapozunguka mbugani au pwani. Gari la namna hii hubeba mzigo mzito wakati wote, kwa kuwa kitanda na makabati hayashushwi safari inapokwisha, na tena husimama muda mrefu, hasa wakati wa masika ambapo watalii hupungua na barabara za mbugani hujaa tope. Mzigo wa kudumu pamoja na kusimama kwa muda mrefu huliharibu tairi kwa njia ambayo macho hayaioni, na ndiyo maana ofisi iliyotoa kijitabu hiki inasisitiza jambo moja kuliko mengine yote, kwamba tairi huzeeka hata lisipotembea.

Tairi lizeekavyo

Mpira wa tairi hushambuliwa na oksijeni, na gesi ya ozoni iliyomo hewani, na jua, na joto. Watengenezaji wanalijua hilo, na kwa sababu hiyo huchanganya ndani ya mpira kemikali za kuulinda pamoja na nta ambayo hupanda juu kidogo kidogo kila tairi linapozunguka na kujikunja, ikawa utando mwembamba wa kuzuia ozoni. Gari lililoegeshwa miezi mitatu halipati kinga hiyo ipasavyo, na upande wa tairi unaotazama jua la mchana hukauka na kuanza kupasuka mipasuko midogo, ambayo huonekana kwanza ubavuni karibu na rimu na katika mifereji iliyo kati ya kashata.

Mipasuko hiyo si hatari kuu, ingawa ndiyo inayotazamwa zaidi. Chini ya kashata mna mikanda ya waya za chuma iliyolazwa tabaka juu ya tabaka, na kinachoishika pamoja ni mpira tu. Mpira huo ukishakuwa mgumu hupoteza uwezo wa kushika, mikanda huanza kuachana kwa ndani, na siku gari litakapopakiwa sawasawa na kukimbizwa kwenye lami saa nane za mchana, joto litamaliza kazi iliyoanza miaka kadhaa nyuma, kashata itabanduka yote kwa mkupuo na dereva atabaki na usukani usiotii. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa halijatembea hata robo ya umbali lililotengenezewa. Kipimo cha kashata, ambacho ndicho madereva na mafundi wengi hukitegemea peke yake, hakisemi lolote kuhusu hali hiyo.

Mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Mwezi Septemba 2012 basi lililokuwa likirejesha vijana kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, katika barabara ya A3, likaacha njia na kugonga mti, na watu 3 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba tairi hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, ingawa kashata yake ilikuwa bado inatimiza sheria. Mama wa mmoja wa waliofariki aliendesha kampeni kwa miaka mingi, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 ikawa marufuku nchini humo kutumia matairi yenye umri unaozidi miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo yenye gurudumu moja moja kila upande. Magari-nyumba hayakutajwa katika katazo hilo. Kutotajwa huko kusichukuliwe na yeyote kuwa ni kibali, kwa sababu tairi la gari-nyumba aghalabu huzeeka kabla ya kwisha kashata.

Kusoma tarehe ya kutengenezwa

Kila mwenye gari-nyumba anapaswa kujua kusoma tarehe hii mwenyewe, bila kumtegemea muuzaji wala fundi. Ubavuni mwa tairi huandikwa herufi DOT, zikifuatiwa na herufi na tarakimu kadhaa, na tarakimu 4 za mwisho ndizo zinazohusika hapa: mbili za kwanza ni wiki ya mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwezi Juni. Ikiwa tarakimu za mwisho ni 3 badala ya 4, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halistahili kuwekwa kwenye gari lolote linaloingia barabarani.

Aghalabu tarakimu za tarehe huandikwa ubavu mmoja tu, na tairi linapofungwa huweza kutokea kwamba ubavu huo umeelekea ndani, chini ya gari. Anayekagua akiona herufi DOT bila tarakimu hizo asidhani kwamba tairi halina tarehe, bali ainame chini ya gari akiwa na tochi, au gurudumu lifunguliwe. Ieleweke pia kwamba tarehe ya risiti si tarehe ya tairi. Tairi lililokaa ghalani miaka 5 huuzwa kwa jina la tairi jipya na kwa bei ya tairi jipya, na mnunuzi asiyesoma hulipa fedha kamili kwa nusu ya umri. Aidha, matairi ya mitumba, na yale yaliyokuja na gari lenyewe kutoka Japani, mara nyingi hupakwa dawa ya kung'arisha ambayo hufunika mipasuko na kuyapa weusi wa kuvutia. Kitambaa chenye maji ya sabuni kikipitishwa ubavuni huondoa weusi huo na kuacha mpira uonekane ulivyo.

Kuhusu ukomo, kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5 ya matumizi, na kwamba tairi lenye miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama linaonekana zima. Kampuni ya Ford, kuanzia mwaka 2005, ilipendekeza miaka 6. Ofisi hii, ikizingatia jua la ukanda wa pwani na uzito usioshuka wa magari-nyumba, inashauri bila kusita kwamba ukomo wa miaka 6 ndio ufuatwe. Inarudiwa tena, kwa kuwa ndilo onyo linalopuuzwa zaidi: kashata nene si ushahidi wa uzima wa tairi.

Kuchagua tairi la kubeba mzigo

Baada ya umri, kosa linalofuata ni kufunga tairi la gari la saluni kwenye gari la mzigo kwa sababu tu rimu inalikubali. HiAce nyingi hutumia tairi la kipimo cha 195R15C, na herufi C huonyesha kuwa ni tairi la magari ya biashara, lenye kuta imara zaidi. Pembeni mwa kipimo hicho huandikwa tarakimu 106/104, ambazo ni namba za uwezo wa kubeba: 106 maana yake kilo 950 kwa tairi linalofungwa peke yake, na 104 maana yake kilo 900 kwa tairi linalofungwa pacha na jingine. Tairi la saluni la 195/65R15 lenye namba 91 huingia kwenye rimu ya inchi 15 vilevile, lakini hubeba kilo 615 tu. Ekseli ya nyuma iliyotegemea kilo 1,900 hubakiwa na kilo 1,230, huku kitanda, tangi la maji la lita 80 ambalo peke yake ni kilo 80, mtungi wa gesi, mizigo na abiria vikiwa vimelala karibu vyote nyuma. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba matairi hayo ni sawa anahatarisha maisha ya watu, na hapaswi kuonewa haya.

Njia ya uhakika ya kujua uzito ni kulipima gari kwenye mizani likiwa limejazwa maji, gesi, mafuta na abiria wake wote, kila ekseli kando. Magari-nyumba yaliyojengwa viwandani Ulaya hutumia wakati mwingine matairi yenye herufi CP, yaliyokusudiwa magari ya aina hiyo, na ekseli ya nyuma hujazwa upepo wa bari 5.5, yaani takriban psi 80, kiasi ambacho vali za kawaida za mpira hazikihimili, hivyo zitafutwe za chuma. Kwa magari mengine yote, kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva kifuatwe, na upepo upimwe kwa geji asubuhi kabla ya kutembea. Kupiga tairi teke au kulibonyeza kwa kidole si kupima. Upepo ulioongezeka kwa joto la safari usipunguzwe, na anayepunguza upepo ili apite mchangani aujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwani tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi na kuzalisha joto lile lile linalotenganisha mikanda.

Kubadilisha na kulalamika

Matairi ya ekseli moja yabadilishwe pamoja, na ikiwa fedha zinatosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma, kwa kuwa kuteleza kwa magurudumu ya nyuma ni kugumu zaidi kudhibiti. Vali zibadilishwe pamoja na matairi, gurudumu libalansiwe, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Tairi la akiba lisisahaulike, maana lililoning'inia chini ya gari miaka 12 bila kuguswa lina miaka 12, na kulifunga usiku porini ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine.

Malalamiko hupokelewa na ofisi hii kwa matairi yaliyonunuliwa yakiwa mapya, kwa gari lisilozidi kilo 3,500, iwapo risiti ipo na tairi lenyewe halijatupwa. Yaliyozibwa ubavuni au kuchongwa kashata hayahusiki. Mnunuzi apige picha ya tarakimu za tarehe dukani, kabla tairi halijafungwa, na amtake muuzaji aziandike kwenye risiti, utaratibu ambao ofisi hii inajivunia kuutetea na ambao hauhitaji gharama yoyote.

Tairi lililoondolewa kwa sababu ya umri lisiachwe gereji likiwa zima. Lichanwe ubavu mbele ya mwenye gari ili lisirudi sokoni likiwa limeng'arishwa, na lisitupwe uani kukinga maji ya mvua, ambamo mbu wa aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, hutaga mayai.