Kitabu Gani Kitamfundisha Mwanao Kumwelewa Mwenzake? Vidokezo kwa Wazazi wa Akheri

Mtoto wa Akheri hakosi jirani wa kila aina: Mmeru, Mwarusha, Mmasai, Mchaga. Pale Patandi, kwenye chuo cha ualimu wa elimu maalumu, walimu hujifunza kufundisha watoto wasioona na wasiosikia. Ila rafu ya nyumbani, mara nyingi, ina Biblia, Mwimbieni Bwana na vitabu vya shule basi.

1. Angalia nani ana kazi katika hadithi. Vitabu vingi humweka mtoto mlemavu pembeni, akingoja kusaidiwa, halafu wenzake wanapigiwa makofi kwa wema wao. Kitabu cha aina hiyo kirudishe kwenye rafu. Tafuta kile ambacho mtoto huyo anapanga mambo, anakosea, anagombana na dada yake kuhusu nani aoshe vyombo. Mwanao akicheka kwa sababu jamaa ni mjanja, hapo umepata kitabu.

2. Ichukue Takadini mikononi mwa mtihani. Riwaya hii ya Ben Hanson imesomwa miaka mingi katika sekondari zetu, kwa hiyo huenda kaka mtu anayo tayari. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe, naye anatoroka naye. Kisa ni cha Zimbabwe, lakini katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hakuna wa kusema hakimhusu. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Basi mwombe kaka awasimulie wadogo zake kwa Kiswahili au Kimeru, jioni mnapomenya ndizi. Kwa wadogo sana, apunguze vitisho.

3. Mwanamke kwenye usukani. Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala ni chepesi na kifupi. Wavulana wakisome pia, tena wao kwanza.

4. Achana na "hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo tumelirithi darasani, na mtoto analijua jibu kabla hujafungua ukurasa wa kwanza: tupendane, tusaidiane. Atalitamka vizuri, kisha kesho atamtania mwenye kigugumizi. Simama katikati ya kisa, pale mambo yalipoharibika, uulize: "Wewe ungekuwa yeye, ungerudi nyumbani?" Kisha nyamaza. Akijibu kwamba angemrushia mtu jiwe, usimkemee. Muulize yule aliyerushiwa jiwe naye angesikiaje. Mazungumzo yakinoga, kitabu kinaweza kungoja kesho.

5. Umaskini usiwe maonyesho. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kinawafaa waliokaribia sekondari: Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Kisome ukikumbuka kwamba huenda mwanao anakaa dawati moja na Peter wake.

6. Hela haitoshi? Maktaba ya mkoa ipo Arusha mjini. Na simu yako inaweza kupakua bure hadithi za African Storybook, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Ubora wake unapanda na kushuka, kwa hiyo zipitie kwanza mwenyewe.

7. Kisichoandikwa, mkiandike. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao kina mama na watoto, walipewa hifadhi hapo Tengeru na serikali ya kikoloni ya Waingereza. Makaburi yao yapo hadi leo. Mwaka 1951 serikali hiyohiyo iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki kwa nguvu ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea. Wageni walipewa makazi, wenyeji wakavunjiwa yao: mpe mtoto visa vyote viwili kwa pamoja, wala usimwambie amwonee uchungu nani. Umpeleke makaburini, kisha kwa bibi au babu anayekumbuka habari za Engare Nanyuki, akiwa na daftari na penseli. Picha achore mwenyewe.