Kula na Kulala kwa Jembe: Vidokezo vya Msafiri Mwenye Mfuko Mwepesi

Wahenga walimwachia mgeni siku mbili za kupumzika, jembe likaja siku ya tatu. Wenyeji wa WWOOF, mtandao wa kujitolea mashambani, hawangoji hata ya pili. Mtandao huu ulianza Uingereza mwaka 1971, pale Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyechoka na mji, alipowakusanya watu wachache kwenda kufanya kazi shambani wikiendi moja huko Sussex. Siku hizi umeenea duniani kote: unafanya kazi kwenye shamba la kilimo hai, unalishwa, unapewa pa kulala. Mshahara hakuna. Ndiyo, ni palizi ileile uliyokuwa ukimkimbia bibi yako.

1. Viza kwanza, ramani baadaye. Wewe unajiona mtalii, ofisa wa uhamiaji anakuona kibarua. New Zealand, kwa mfano, huhesabu chakula na malazi kuwa malipo, kwa hiyo viza ya utalii haitoshi. Zile viza za likizo na kazi wanazotembelea vijana wa Ulaya, nyingi hazimhusu mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya. Uliza ubalozini waziwazi na uombe jibu la maandishi. Usijaribu kudanganya mpakani; simu yako ina meseji zote ulizoandikiana na mwenyeji. Wala si wazungu tu wenye masharti: mgeni anayekuja Tanzania kujitolea naye hutakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C. Mwenye nafuu ni ndugu yetu ambaye tayari anaishi Ujerumani au Italia na karatasi zake zimekamilika.

2. Patana saa kabla ya kukata tiketi. Kawaida ni saa nne hadi sita kwa siku. Mwenyeji akikuandikia kwamba “utasaidia kidogo hapa na pale”, mbane: kuanzia saa ngapi? Mapumziko siku gani? Nalala chumbani au kwenye hema, na nani? Na usijisifu sana kwamba umekulia shambani. Utakabidhiwa mtaro wa kuchimba, wenzako wakichuma maua.

3. Fuata mavuno. Shamba wakati wa baridi ni kupasua kuni na kusafisha banda. Nenda Toscana, Italia, Oktoba au Novemba, zeituni zinapovunwa: nyavu zinatandazwa chini ya miti, mnachana matawi kwa reki ndogo za mkono, matunda yanamwagika hadi kwenye kola ya shati. Kreti zikijaa zinapelekwa kinuni bila kuchelewa. Kisha mkate unachomwa, unasuguliwa kitunguu saumu na kumiminiwa mafuta mapya, ya kijani, yanayowasha koo. Hapo ndipo mgongo unasamehe.

4. Piga hesabu vizuri. Nauli ni yako, bima ya afya ni yako, na ada ya uanachama hulipwa kila mwaka, kwa kawaida nchi moja moja. Ukirukaruka shamba hili leo, lile kesho, akiba yote itaishia kwenye treni. Chagua mawili, ukae.

5. Gambuti, glavu, chanjo ya pepopunda. Basi.

6. Sema mapema usichokula. Baadhi ya wenyeji hawagusi nyama kabisa, wengine nguruwe na mvinyo haviondoki mezani. Kwa mwenye hamu ya nyumbani, kaskazini mwa Italia kuna polenta, ambayo ni ugali wa mahindi ya njano uliolegea kidogo. Wanaula na jibini, zoea.

7. Nauli ya kuondokea isiguswe. Soma walichoandika wageni waliokutangulia, hasa wanawake waliokwenda peke yao, na uache anwani ya shamba kwa mtu wa nyumbani. Saa tano zikigeuka tisa, zungumza na mwenyeji siku hiyohiyo. Zikibaki tisa, funga begi, uulize basi linapita saa ngapi.