Ubongo wa Mtu Mzima Hujifunza

Je, umewahi kusema hivi: "Jana nilisoma vizuri, leo nimesahau. Kichwa changu kimezeeka"? Wako watu walioacha darasa kwa sababu hiyo. Wewe usiache. Kwanza ujue jinsi ubongo wako unavyofanya kazi.

Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa. Ubongo wa mtu mzima kwa kawaida una uzito wa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi huuletea habari. Hii ndiyo milango mitano ya fahamu. Maharage yakianza kuungua, pua hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo hutambua harufu hiyo, kisha huamuru miguu na mikono: Nenda! Epua chungu!

Ubongo una chembe hai nyingi sana zinazopelekeana habari. Ukijifunza jambo, viungo kati ya chembe hizo hupata nguvu. Ni kama njia ya shambani. Ukipita mara moja, majani huinuka tena. Ukipita kila siku, njia hubaki wazi.

Kusahau si ugonjwa. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu. Alikuwa amejipima mwenyewe kwa kukariri silabi. Aliona kwamba mtu husahau mengi katika saa za kwanza baada ya kujifunza. Aliona pia kwamba kurudia siku mbalimbali kunafaa kuliko kurudia mara nyingi siku moja.

Je, umri unazuia? Mwaka 2010, wataalamu walitoa taarifa baada ya kupima ubongo wa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno. Wengine hawakujua kusoma. Wengine walijifunza utotoni, na wengine ukubwani. Hata waliojifunza ukubwani, ubongo wao ulikuwa umebadilika kwa ajili ya kusoma. Ubongo wako nao unaweza.

Basi fanya hivi:

1. Soma kidogo kila siku. Usingoje siku ya darasa.
2. Funga kitabu, ujiulize umekumbuka nini. Kisha fungua, uhakikishe.
3. Soma kwa sauti, tena andika. Hivyo macho, masikio na mkono vitasaidiana.
4. Lala usingizi wa kutosha. Usingizi husaidia ubongo kuhifadhi uliyojifunza.

Kama herufi unaziona kwa ukungu, usilaumu ubongo. Huenda ni macho. Nenda hospitali ukapimwe. Pengine unahitaji miwani tu.

Maswali

1. Taja milango mitano ya fahamu.
2. Kwa nini kumbukumbu imefananishwa na njia ya shambani?
3. Mwenzako anataka kuacha darasa kwa sababu anasahau. Utamwambia nini?
4. Funga kitabu. Andika mambo matatu unayoyakumbuka. Kesho yaandike tena bila kutazama.