Walipoambiwa Mmoja Wao Atakufa

Maandiko ya somo: 2 Wafalme 20:1-7, 2 Wafalme 21:1, 1 Wakorintho 14:29



Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu kanisa lingine, vijana wawili walinijia wakitaka kuoana. Walikuwa wamepimwa. Dada hakuwa na virusi vya Ukimwi. Kaka alikuwa navyo. Shangazi ya dada alikuwa ameshasema, "Unaolewa na maiti." Halafu mtu anayejiita nabii akaongeza kwamba dada angekuwa mjane kabla ya mwaka wa pili.

Nakiri mbele zenu, nilitaka kuwashauri waachane. Nilisomea biashara, na tulifundishwa kupima hatari kabla ya kuweka pesa. Dada akanitazama akaniuliza, "Pasta, wewe ulipooa, nani alikuandikia utaishi miaka mingapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa Neno.

1. Hukumu ilitolewa, lakini nyumba haikufungwa

Isaya alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu anakufa. Mfalme akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15. Piga hesabu: alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala 29, kwa hivyo wakati huo alikuwa na kama miaka 39. Ni rika langu. Sasa angalia Manase, mwanawe na Hefsiba: alianza kutawala akiwa na miaka 12. Maana yake alizaliwa baada ya ile hukumu! Nyumba iliyosubiri matanga ilipata mtoto. (Najua Manase alipotoka vibaya, hilo ni somo la siku nyingine.)

2. Mungu aliponya, na bado wakaweka tini

Isaya hakusema "amini tu." Aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Maombi na dawa havigombani.

Wazee wetu hapa Shauri Moyo na Majengo wanakumbuka miaka ya tisini, mazishi juu ya mazishi. Mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Wakati huo majibu ya kipimo yalisomwa kama hukumu ya kifo. Leo dawa za ARV zinatolewa bure katika hospitali za serikali. Mtu akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Yule asiye na virusi naye ana dawa ya kinga, PrEP. Ilijaribiwa hapa Kenya na Uganda kwa wenzi zaidi ya 4,700 ambao mmoja wao alikuwa na virusi, na tangu 2017 inatolewa nchini kote.

Mtumishi yeyote akikuambia uache dawa ili uonyeshe imani, ondoka hapo. Hata kama ni mimi.

3. Unabii unapimwa

Paulo anasema manabii wanene na wengine wapambanue. Neno la Isaya lilimfanya Hezekia ageukie ukuta aombe. Neno linalomfanya kijana amkimbie mgonjwa kwa hofu, hilo lipime mara mbili.

4. Ukweli kwanza, pete baadaye

Huyu kaka alisema hali yake kabla ya mahari. Hapo ndipo upendo wake ulionekana. Kumficha mwenzako ni kumwibia haki ya kuchagua. Na yule anayeambiwa ana uhuru wa kusema ndiyo au hapana. Asilazimishwe na kanisa, wala asihukumiwe.

Mwisho

Sitawadanganya: Hezekia hatimaye alikufa. Ruthu aliolewa na Maloni, akazikwa mapema. Hakuna ndoa yenye garantii ya miaka. Tunapoapa "mpaka kifo", kila bwana harusi anataja kaburi mbele ya keki.

Wale wawili walioana. Mwaka wa pili ulipita, na wa tatu. Wana mtoto, na alipopimwa hakuwa na virusi. Baba yake bado anameza dawa kila jioni, na mama ndiye anayemletea maji.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Je, mgonjwa anaweza kusema hali yake katika ushirika wetu bila kuogopa?
2. Ni neno gani la hofu umewahi kulipokea bila kulipima?

Tuombe: Bwana, tufundishe kuzihesabu siku zetu, na tusizinyime upendo. Amina.