Kuponi ya Supamaketi, Mboga ya Sokoni: Kula Vizuri kwa Bajeti Ndogo

SOMO LA LISHE



Mwisho wa mwezi ukifika, ofa huja kwa kila njia. Simu inaleta ujumbe, mlangoni pa supamaketi unapewa karatasi, gazetini mna kuponi ya kukata, na kadi ya pointi nayo inakukumbusha kuwa muda unakaribia kwisha. Mtu anatoka dukani amebeba mifuko miwili na moyoni anafurahi kwamba ameokoa shilingi mia mbili. Akifika nyumbani na kuifungua, anakuta soda, biskuti, tambi za pakiti na soseji. Pesa ya mboga imekwisha, na jioni watoto wanakula ugali kwa mchuzi mwepesi.

Kuponi si adui. Ikitumiwa vizuri ni pesa kama pesa nyingine. Baada ya somo hili unapaswa kuweza kufanya mambo matatu: kupima kama kuponi inakufaa, kuihamisha akiba yake kwenye chakula kibichi, na kukitunza chakula hicho kisipoteze faida yake jikoni.

1. Kwa nini mchicha hauna kuponi

Kuponi nyingi hulipiwa na mwenye kiwanda anayetaka bidhaa yake ijulikane au iuzwe upesi. Ndiyo maana utaziona kwenye vinywaji, vitafunio, mafuta, sabuni na unga. Mama mboga anayeuza mchicha, kunde na matembele hana kiwanda wala pesa za matangazo. Kwa hivyo anayesubiri kuponi ndipo anunue mboga atasubiri sana, na anayenunua kila kilicho na kuponi atajaza nyumba vyakula vya sukari, chumvi na mafuta.

Kanuni yetu ni hii: kuponi ni ya vitu vya kabatini, akiba yake ni ya kikapu cha sokoni. Tumia kuponi kwa unga, mchele, maharagwe, ndengu, mafuta na sabuni, yaani vitu ambavyo ungenunua hata bila ofa. Kilichobaki mkononi, peleka sokoni siku hiyo hiyo kabla hakijapata kazi nyingine.

2. Nyumba yako inahitaji mboga na matunda kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na zaidi ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 anahitaji angalau gramu 350, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Viazi na mihogo havihesabiwi hapa, kwa sababu hivyo ni vyakula vya wanga kama ugali na wali.

Tuchukue nyumba yenye baba, mama na watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4. Watatu wa kwanza wanahitaji gramu 1,200, wa miaka 8 gramu 350, na mdogo gramu 250. Jumla ni gramu 1,800, karibu kilo mbili kwa siku.

Usishtuke. Hesabu hiyo inachanganya mboga za mchana na jioni, nyanya na karoti za mchuzini, kipande cha papai na ndizi ya mtoto. Lakini inaonyesha kwamba fungu moja la sukuma wiki kwa watu watano halitoshi, na kwamba ile akiba ya kuponi ina kazi kubwa ya kufanya.

3. Hesabu ya kuponi

Bei zilizo hapa ni za mfano tu. Weka za kwako.

Mfano wa kwanza. Mafuta ya kupikia ya lita moja yanauzwa shilingi 340 supamaketi, na kuponi inapunguza 40. Utalipa 300. Duka la mtaani kwako lina mafuta ya lita moja ya chapa nyingine kwa shilingi 310. Nauli ya kwenda na kurudi supamaketi ni shilingi 100. Ukifuata kuponi utatumia 400. Ukinunua mtaani utatumia 310. Kuponi ya kuokoa 40 imekupotezea 90.

Mfano wa pili. Unapita supamaketi ukitoka kazini, kwa hivyo hakuna nauli ya ziada. Una orodha yako: pakiti mbili za unga zenye punguzo la shilingi 20 kila moja, mafuta yenye punguzo la 40, sabuni ya 30 na mchele wa ofa ya 60. Umehakikisha kwamba bei zilizobaki baada ya punguzo ziko chini ya za mtaani kwa kiasi hicho. Umeokoa 170. Ukipita sokoni unanunua mafungu matatu ya mchicha kwa 60, machungwa matano kwa 50 na omena ya 60. Hiyo ni 170 kamili, na sahani ya jioni imebadilika bila kuongeza senti kwenye bajeti.

Kabla ya kutumia kuponi yoyote, jiulize maswali matano:

(a) Je, ningenunua kitu hiki bila kuponi?
(b) Baada ya punguzo, bei yake kwa kilo au lita ni ndogo kuliko ya mtaani?
(c) Je, kuna masharti, kama vile kufikisha kiasi fulani cha ununuzi?
(d) Kuponi inaisha lini, na bidhaa yenyewe inaisha muda lini?
(e) Nikijumlisha nauli, nitabaki na nini?

Ofa ya “nunua mbili upate moja bure” ipime kwa maswali hayo hayo. Maziwa matatu yatakayoharibika kabla ya kunywewa si ya bure. Na unapochagua unga wa pakiti, angalia nembo ya kuongezwa virutubishi. Tangu mwaka wa 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe vitamini na madini.

4. Sokoni nako kuna ofa, ila haziandikwi

Sisi wa Mombasa tuna soko la Kongowea, ambako malori hushusha mazao kutoka milima ya Taita, sehemu nyingine za bara na hata nchi jirani ya Tanzania. Hapo bei ya jumla huwa chini kuliko ya kibandani, lakini unalazimika kununua kingi. Dawa yake ni kushirikiana. Majirani watano au wanachama wa chama wachange wanunue kreti moja ya nyanya au gunia la vitunguu, wagawane, na nauli au mkokoteni ulipwe na wote.

Asiyeweza kufika Kongowea bado ana njia. Nenda kwa mama mboga jioni anapokaribia kufunga, kwani mboga za majani hazilali na yeye hataki kurudi nazo. Nunua cha msimu: mvua ikinyesha vizuri, mchicha, kunde na mnavu huwa tele, kuelekea mwisho wa mwaka maembe hufurika. Usidharau mboga zetu za asili kama mchunga na matembele. Nyanya zilizoiva sana zinafaa mchuzi wa leo, lakini kilichooza au kuota ukungu usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Mwenye nafasi ndogo uani au barazani anaweza kupanda sukuma wiki na mchicha kwenye gunia lenye udongo na mbolea. Maji yaliyooshea mboga yatamwagilia gunia hilo.

5. Usiitupe faida jikoni

Osha mboga kwanza, ndipo ukate. Ukikata kisha ukaloweka, sehemu ya vitamini huondoka na maji. Pika kwa muda mfupi na kwa mafuta kidogo, maana mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A iliyo kwenye majani ya kijani na karoti. Kisamvu pekee kina sheria yake: lazima kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Maharagwe na ndengu ni nyama ya mwenye bajeti ndogo. Kamulia ndimu au ongeza nyanya, kwani vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai nayo huyazuia, hivyo isubiri saa moja baada ya mlo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyo ndani ya mchuzi wa pakiti.

6. Tahadhari ya simu

Ujumbe unaosema umeshinda vocha ya ununuzi, kisha ukakuomba namba ya siri ya pesa za simu au “ada ndogo” ya kuipokea, ni wa utapeli. Ufute. Ofa ya kweli utaithibitisha dukani kwenyewe. Ukishalipa, linganisha risiti na bei iliyobandikwa kwenye rafu kabla hujatoka, na kama punguzo halikukatwa, dai kwa upole papo hapo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na anachonunua.

ZOEZI LA WIKI HII

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Upande mmoja andika kila kuponi, ofa au pointi uliyotumia na kiasi ulichookoa baada ya kutoa nauli. Upande wa pili andika mboga na matunda yaliyonunuliwa kwa pesa hiyo. Jumapili jioni jumlisha pande zote mbili. Zikilingana, kuponi zako zinalisha nyumba. Upande wa kwanza ukiwa mrefu na wa pili mtupu, akiba imepotelea njiani, na wiki ijayo anza kwa orodha kabla ya ofa.

Mwenye mtoto anayepungua uzito, mjamzito, au mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu asijikadirie mlo peke yake. Aende kituo cha afya kilicho karibu aulizie mhudumu wa lishe, na abebe daftari hilo. Litamsaidia mhudumu kumpa ushauri unaolingana na mfuko wake.